Maji Yaliyopotea Kati ya Mita Mbili

Mji wa juu na mji wa chini hutumia bomba moja kubwa lenye mita mbili, moja ikipima maji yanayotoka juu, nyingine yanayoingia chini. Mita ya juu aliisoma Bi Mita, mwanamke wa maneno mengi na hasira za karibu. Ya chini aliisoma wifi yake, mke wa kaka yake. Kwa miaka miwili mita hizo hazikupatana, na wasomaji wake vilevile. Mji wa chini ulidai fidia kwa maji uliyolipia bila kuyaona. Mji wa juu ukajibu kuwa maji yalitoka kamili, ila msomaji wa chini anapunguza namba. Barua ya kusema hivyo ilikuwa na sahihi ya Bi Mita, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka yake.

Siku ya kikao cha mwisho, wajumbe walijaa kwenye ukumbi wa ushirikiano, uliojengwa na miji yote miwili mpakani, wenye bustani mbichi na chemchemi ya mapambo mlangoni. Ajenda ya kwanza: kumfukuza kazi msomaji wa chini. Wifi alikaa nyuma. Bi Mita akamtazama, roho ikamsuta.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "kabla hamjamkatia mtu riziki, tupeni nusu saa mimi na wifi tukasome mita pamoja."

Walitoka. Kwenye chemba ya mita ya chini wifi alifunga valvu, mita yake ikasimama tuli. Wakapanda hadi ya juu. Kwa haki nayo ilipaswa kusimama, lakini mshale ulikuwa unazunguka kwa raha zake.

"Wifi, unaona ninachokiona?"

"Naona. Maji yanapotelea katikati."

Wakafuata njia ya bomba hadi nyuma ya ukumbi, wakakuta kifuniko kimezibwa na maua. Chini yake kulikuwa na bomba dogo lisilo na mita hata ya dawa. Bi Mita akakaza valvu. Mara mtunza bustani akapiga kelele kwamba mpira umekauka, chemchemi ikakohoa ikazima, na mjumbe mmoja akachungulia dirisha la chooni, mikono imejaa sabuni, akiuliza kulikoni.

Bi Mita alicheka hadi akakaa chini. Waheshimiwa waligombea maji miaka miwili huku wakiyanywa na kuyamwagia maua! Kila mji ulidhani mwenzake ndiye anayeyalipia.

Ukumbini madai ya fidia yaliisha kabla chai haijapoa: maji ya ukumbi nusu kwa nusu, na mita ya tatu ifungwe. Watu wakapiga makofi, lakini Bi Mita hakukaa.

"Nilikosea," akasema. "Wifi yangu ni mwaminifu. Nilimchafua mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu."

Aliona aibu, na aliona furaha, vyote kwa pamoja.

Nje, wifi akamshika mkono. "Jioni uje nyumbani. Yule mtoto wa kaka yako, usiyewahi kumwona, ameanza kuongea. Kila asubuhi namnyanyua mbele ya picha yako ukutani, anakuamkia: shikamoo shangazi."

Bi Mita akaangua kilio palepale bustanini, huku akicheka, na wifi yake akamwacha alie.