Bafu la Baba

Ukitaka kujua uongo una sura ngapi, vunja bafu lako halafu utafute fundi. Mshonaji alishaziona sura zote. Fundi wake wa kwanza aling'oa kizingiti, akachimba sakafu, akaaga kwamba anakwenda kula, na mpaka leo anakula.

Siku nazo hazikungoja mtu. Baba yake, dereva mstaafu, alikatwa mguu, na Ijumaa ya wiki iliyofuata angeruhusiwa kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kaka mkubwa alishakata shauri. "Nyumba isipopitika, mzee namchukua mimi." Kwa kaka ni ghorofa ya tatu, lifti yenyewe mgonjwa. Mzee aliposikia aligeukia ukutani. "Yaani nihamishwe kwangu kama kabati?" Mshonaji akamwapia kwamba atarudi nyumbani kwake.

Jirani akamletea fundi mwingine, mtu mzima, anayeitwa Taratibu mtaa mzima.

"Wee! Taratibu, na mimi nina siku tisa?"

"Shoga, haraka haraka haina baraka," jirani alisema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Lakini hakuwa na wa kumchagua. Taratibu alipofika hakupima kitu kwanza. Aliomba kiti kipya cha magurudumu alichonunuliwa mzee, akakitoa kwenye nailoni, akakaa. Akajisukuma kutoka getini mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka bafuni, akikwaruza vidole kwenye kila fremu na kusema "aah" kila anapokwaruza. Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu operesheni.

Fundi alifanya kazi kweli. Alipanua milango, akasawazisha sakafu, akakataa vigae vinavyong'aa alivyovipenda mshonaji ("Hivi vya kupigia picha, dada, si vya maji") na kupanga vyenye mkwaruzo. Jumanne jioni vyote vilikuwa chini, na mshonaji akalala usingizi wa pono.

Jumatano asubuhi aliamshwa na nyundo. Taratibu alikuwa amepiga magoti bafuni, anagonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, anasikiliza, na kinachotoa mlio wa debe tupu anakivunja. Alishavunja kumi na kimoja.

"Una wazimu wewe? Vilikuwa vizuri!"

"Vizuri juu, chini hakuna kitu. Gundi haikushika vizuri, kosa langu. Gurudumu likipita hapa kila siku kitapasuka, na mzee atakwenda chini."

"Baba anakuja keshokutwa!"

"Najua. Ndiyo maana nimevunja leo."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake, akashona mkono wa gauni ndani nje, akafumua, akaukosea tena. Alimchukia mtu yule, na alijua kwamba fundi ndiye mwenye haki.

Ijumaa saa nne kaka alimshusha mzee getini, amekunja uso kama hakimu. Mzee akakataa kusukumwa. Akapita sebuleni, akapita ukumbi mwembamba, akaingia bafuni, na kabla mtu hajasema neno akafunga mlango na kutia komeo.

Wakabaki watatu nje: mshonaji, kaka, na Taratibu, aliyemaliza vigae jana yake na sasa kuja kukusanya vifaa vyake. Kaka akainua mkono agonge, mshonaji akaushika. Miezi miwili mzee alikuwa akivuliwa nguo na manesi, na hakuna siku aliyolalamika.

Maji yakasikika, kisha sauti ya dereva aliyezoea kufokea abiria.

"Mnanikodolea nini hapo mlangoni? Kwani mimi mtoto? Hebu nendeni zenu huko!"

Mshonaji aliegemea ukuta, akacheka huku machozi yanamtoka. Kaka alitazama sakafu, akamtazama Taratibu, akakohoa.

"Fundi," alisema, "kwangu pia kuna bafu."