Upande wa Chini wa Ubao

Muuzaji alikuwa na maswali kushinda polisi. "Sakafu ya tela lako iko juu kiasi gani, mama?"

Mama hakuja mikono mitupu. Alitoa mkobani kamba yenye mafundo mawili: fundo la kwanza ni ardhi, la pili ni sakafu ya tela. Muuzaji aliipima kwa tepu yake huku akitikisa kichwa kwa heshima. Wateja wake wengi hupima kwa kiganja, wakajigusa hapa juu ya goti, wakanunua, kisha wakarudi kugomba.

"Sentimita sabini na mbili. Utapandisha nini?"

"Trekta dogo. Kilo mia nane."

"Tumbo lake liko chini?"

"Liko chini."

"Basi vidaraja vifupi usivitazame hata kwa jicho la pembeni. Ukitumia kifupi, mwinuko unakuwa mkali. Matairi ya mbele yakishafika juu, tumbo linakwama ukingoni, trekta linabaki linaning'inia kama mbuzi aliyeruka ua akashindwa." Akacheka peke yake, maana utani wake alikuwa ameuzoea.

Alimpitisha katikati ya mabomba na malango hadi nyuma ya duka, vilikosimamishwa vidaraja vya kupandishia, viwili viwili, vimeegemea ukuta. Vya chuma vilikuwa na meno ya kushika tairi, ndoano nene za kuning'inia kwenye tela, na mnyororo wa kuvizuia visiteleze. Mama hakuwa na haja ya kuchagua. Vilikwisha chaguliwa nyumbani. Kwa siku tatu mumewe, kitandani, hakuwa na hadithi nyingine: chukua vya chuma, virefu, vyenye mnyororo. Mbao tena hapana.

"Hivi," alisema.

"Una jicho. Hivi hata tembo anapanda. Kila kimoja kilo arobaini." Muuzaji akakipiga konzi kimoja, kikalia. "Mko wangapi wa kuvibeba?"

Akafungua mdomo aseme wawili. Kwa miaka kumi na sita jibu lilikuwa hilo. Badala yake akashika ncha ya chuma, akapima uzito wake.

Walikuwa wakilima mashamba ya watu, mume na mke, bila kibarua. Yeye aliendesha pikapu iliyovuta tela, mumewe aliendesha trekta. Kulipandisha walitumia mbao mbili nene, wakizibeba mmoja huku na mwingine kule, mume akiimba ovyo kwa makusudi ili mke acheke na kulegeza mkono. Ubao hupinda kwa uzito, kwa hiyo kila baada ya siku chache waliugeuza, tumbo likawa mgongo, upate kunyooka. Kugeuza ilikuwa kazi ya mke.

Asubuhi moja, miezi saba iliyopita, aliona ufa. Mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Walikuwa wamechelewa na mwenye shamba alikwisha piga simu mara tatu. Tena alimjua mumewe: akiuona ufa atavunja safari, atatafuta ubao mwingine mpaka jua la utosi. Basi akaugeuza ubao, ufa ukatazama chini. Leo tu, alijiambia, jioni tutabadilisha. Na hakuwa mjinga wa mbao, hilo ndilo lililomla. Alijua kwamba ufa ukiwa juu uzito huufumba, ukiwa chini huufumbua.

Trekta lilifika katikati. Mengine hakuyaona vizuri, aliyasikia.

Mwezi wa pili tangu ajali, daktari alimwita pembeni. Uti wa mgongo umekatika, hatatembea tena. Utamwambia mwenyewe, au nimwambie mimi? Akasema atamwambia mwenyewe. Mficha uchi hazai, husema wahenga, lakini wahenga hawakulala chumba kimoja na mtu anayehesabu kwa vidole miezi iliyobaki kabla hajasimama. Kila alipotaka kusema, mume alikuwa ameshaanza mipango ya msimu ujao. Sasa msimu wenyewe ulikuwa mlangoni, na simu za wenye mashamba zilianza kulia.

"Mama? Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na alimwambia muuza vyuma. Muuzaji aliacha utani. Akavirudisha vya chuma ukutani polepole, akamletea vya alumini, virefu vilevile, vyenye ndoano na mnyororo.

"Viwili kwa pamoja vinabeba kilo elfu moja. Kila kimoja kina kilo kumi na sita. Utaweza, mama yangu."

Njia nzima alikuwa akitunga uongo, na alipofika nyumbani ulikuwa umeiva.

"Bosi!" mumewe aliita kutoka chumbani. Kitanda chake kilikuwa dirishani na mlio wa pikapu aliujua kama kikohozi chake. "Umevipata vya chuma?"

"Vimekwisha. Nimechukua vya alumini. Vimepimwa, ni imara."

"Alumini? Si sufuria hizo! Tutapandisha trekta au tutapika?" Alikuwa na furaha, ndiyo iliyomuumiza mkewe. "Haya, lete kimoja nikione."

Angeweza kusema kesho. Angeweza kumwita jirani amsaidie kushika upande wa pili. Hakufikiri. Alikitoa kwenye pikapu, akakitupia begani, akapita nacho mlangoni, mkono mmoja ukisukuma pazia. Alipomwona mumewe akilitazama bega lake ndipo alipojua alichofanya.

"Kiweke hapa."

Akakilaza juu ya mapaja ya mumewe, yasiyohisi kitu. Mume alikishika katikati, akakiinua kwa mkono mmoja. Akakishusha. Akakiinua tena.

"Zile mbao zetu zilikuwa nzito kuliko hiki," alisema.

"Ndiyo."

"Na hatukulalamika. Kidole kimoja hakivunji chawa, nilikwambia. Nilikwambia chukua vya chuma, tutabeba wawili."

Mke akalivuta pazia lililobaki wazi.

"Hiki ni cha mtu mmoja," mume alisema. Kisha akauliza, "Daktari alikwambia lini?"

Uongo ulikuwepo, wa kutosha, lakini alikuwa amechoka. Alichoka mpaka kwenye mifupa.

"Mwezi wa pili."

"Wa pili." Alilirudia neno taratibu. "Na mwezi wa nne nikakutuma viatu vya kazi."

"Nikavinunua."

"Ukavinunua. Viko hapo chini ya kitanda. Kila asubuhi nakwambia uvifute vumbi, na unavifuta."

Mke alilia, bila sauti, akiwa amesimama vilevile. Alitaka mumewe apige kelele, atupe kitu, amtukane na ukoo wake wote. Mume hakufanya hata moja. Alikigeuza kile kidaraja kifudifudi, akaanza kupitisha kidole upande wa chini, kutoka ndoano hadi ncha, akisimama kwenye kila kiungo.

"Siku ile sikuangalia chini," alisema. "Kila siku naangalia, siku ile sikuangalia. Nilitoka nikakukuta umeshaugeuza ubao. Nikasema moyoni, akigeuza yeye, ameshaangalia. Miezi saba najilaumu hapa, bosi. Najiuliza niliwezaje kupanda bila kuangalia."

Hakuwa akimtega, mke alilijua hilo. Mtu huyu alikuwa amelala na kosa lisilo lake, usiku baada ya usiku, na mwenye kosa akimpa dawa na kumgeuza ubavu. Angeendelea kulibeba mpaka kufa kama angeachwa.

"Niliuona ufa," mke alisema. "Niliuona, nikaulaza chini ili usiuone."

Kidole kilisimama. Nje, bata wa jirani walikuwa wakigombana na kuku juu ya maganda. Mume hakuinua uso. Kidole kikaendelea, polepole, hadi ncha kabisa, kikagusa kona zote mbili.

"Hiki ni kizima," alisema. "Kalete cha pili. Nikikague mwenyewe."

Mke alijifuta uso kwa khanga, akatoka uani. Akakishusha cha pili kwenye pikapu, akakiweka begani peke yake. Kilikuwa chepesi, kama muuzaji alivyosema.