Shangazi Mmoja Anatosha

Jumanne saa sita na nusu mchana Doreen Pelletier alikuwa ndani ya gari lake nje ya kliniki ya meno, mjini Lewiston, mkono mmoja umeshika sandwichi ya mayai na mwingine unamfuta shangazi yake kitabuni. Zilibaki dakika thelathini mgonjwa wa saa saba aingie, na kurasa zilitakiwa kumfikia mwalimu siku hiyo hiyo.

Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya kuandika mambo ya kweli, kwenye chuo kimoja cha jimbo la Vermont ambako mwanafunzi hukaa siku kumi Januari na siku kumi Julai, kisha anarudi kwake kusafisha meno ya watu na kutuma kurasa kila mwezi. Kitabu chake kilihusu shangazi zake wawili waliomlea baada ya wazazi wake kufariki. Mkubwa ni Fernande, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wa pili ni Jeannine, ambaye watu walimtaja kwa kusema "na yule mdogo wake." Mwalimu, Gordon Haskell, mtu mpole wa kofia za sufu, alikuwa ameandika pembeni: "Shangazi wawili ni wengi. Msomaji atawachanganya. Waunganishe, sote tunafanya hivyo." Na kweli wanafanya, tena bila haya. Basi Doreen akawaunganisha, akampa huyo mmoja jina la Fernande kwa kuwa lilisikika vizuri zaidi, akatuma, akaenda kumkwangua ukoga dereva wa basi la shule.

Jumamosi alikwenda kwao kula maharage ya kuoka, kama kila Jumamosi, akakuta shangazi mmoja jikoni. Kichwa kilikuwa cha Fernande. Mikono ilikuwa ya Jeannine, vidole vimepindishwa na miaka thelathini ya kiwanda cha viatu. Mezani paliwekwa sahani mbili.

"Umechelewa," alisema Fernande.

"Hajachelewa, ni saa yako inayokimbia," kinywa hicho hicho kilijibu kwa sauti ya chini, na huyo alikuwa Jeannine.

"Mmekuwa hivi tangu lini?" aliuliza Doreen, akivua koti.

"Jumanne mchana," alisema Jeannine. "Nilikuwa nakunja mashuka, nikajikuta humu."

"Kuna joto zuri," alisema Fernande. "Kaa ule, mwanangu."

Kanisani padri aliwapa komunyo moja. Kwenye ukumbi wa bingo waliondoa kiti kimoja. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza Jeannine yuko wapi, na Doreen alikasirika sana, mpaka alipokumbuka ni nani aliyemfuta.

Lililomuuma zaidi ni habari ya tufani. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na nimonia, theluji imefunga barabara zote, na Jeannine alimbeba mgongoni maili mbili hadi hospitali. Fernande alikuwa Quebec, harusini. Sasa Fernande aliikumbuka safari ile yote, hadi soksi zilivyolowa, na akaisimulia kanisani huku machozi yakimtiririka. Hakuwa anadanganya. Aliikuta humo ndani kama alivyoikuta mikono.

"Waambie ni wewe uliyenibeba, Shangazi!" Doreen alisema wakiwa jikoni.

"Niwaambie kwa kinywa gani? Chote anakimaliza Fernande," alisema Jeannine. "Nirudishe, Doreen. Kitabu kizima sikitaki. Nipe ile barabara tu."

Doreen alitumia Krismasi nzima kuandika upya. Januari akaenda Vermont kuhitimu, na shangazi, bado mmoja, akaenda naye, amepakata pai ya nyama ya nguruwe njia nzima. Kwenye darasa la kujadili kazi, sheria ni kwamba aliyeandika hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize. Shangazi aliruhusiwa kukaa, naye anyamaze, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandikwa.

"Huyu wa pili anafanya nini humu?" aliuliza mwanasheria mmoja mstaafu.

"Anambeba mtoto," alijibu mwanafunzi mwingine.

"Si wa kwanza angeweza kumbeba?"

Doreen aliitafuna kalamu mpaka ikapasuka. Aliporuhusiwa kusema, alisema, "Wako wawili kwa sababu wako wawili, jamani!" Gordon alimtazama shangazi kwa upole, akasema haya, kitabu ni chako, ila kimekuwa kirefu.

Ijumaa alasiri, mbele ya wahitimu na jamaa zao, Doreen alisoma. Alipofika "Jeannine alinibeba" sauti ilimkatika kwa furaha, maana kwenye safu ya mbele walikuwa vikongwe wawili kwenye kiti kimoja, kila mmoja amekalia tako moja. Mtu wa nyuma akaleta kiti kingine.

"Kumbe huku nje kuna baridi," alisema Jeannine, akijisugua mabega. Alikuwa anatabasamu.

Baada ya hapo watu walipanga foleni kwa Fernande, naye akawasimulia soksi.

"Si yeye, ni huyu!" alisema Doreen.

"Ndiyo, ndiyo, wote wawili ni hazina," alisema mwanasheria, akampa Fernande mkono mara ya pili.

"Shangazi Fernande, hebu acha!"

"Mwanangu, najua sikuwa mimi," alisema Fernande. "Lakini miguu bado inaniuma."

Doreen alicheka, angefanyaje. Siku ilikuwa nzuri, pai ilipendwa. Gordon akataka picha ya ukutani, kwani kila mhitimu hupigwa picha pamoja na familia yake. "Nani atatupigia?" aliuliza, na Jeannine alikuwa tayari ameshanyoosha mkono kuipokea kamera. Aliwaambia wasogeleane, Fernande anyanyue kidevu, Doreen asifumbe macho. Wakacheka wote, akabonyeza.

Picha ilitoka vizuri sana. Iko pale karibu na mlango wa bwalo, na chini yake wameandika: Doreen Pelletier, mwalimu wake, na shangazi yake.