Godoro la Kitanda cha Dirishani

Mume wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wakamlaza wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, mguu umevutwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga. Bahati yake ilikuwa godoro. Wodi ile ilikuwa imepata magodoro mapya ya sponji, manene, yenye ngozi ya bluu unayoipangusa kwa kitambaa tu, na yeye alilalia mojawapo.

Daktari wa mifupa hakai pale. Zamani alikuja kila wiki kutoka hospitali kuu, lakini tangu serikali ianze kubana matumizi, mafuta ya gari lake yalikatwa, akawa anakuja mara moja kwa mwezi. Alimpima mzee, akaniambia, "Mama, nikirudi nitampasua, na atatembea. Ila mgongo wake niukute mzima. Ukichubuka simpasui, maana uchafu wa kidonda utaingia kwenye mfupa."

Basi mgongo ule nikaulea kama mtoto mchanga. Asubuhi naufuta kwa maji ya vuguvugu, naukausha kwa kugusagusa, si kusugua, na shuka naivuta isibaki na kunyanzi hata moja.

Zilikuwa zimebaki siku chache daktari arudi, ikaja habari kwamba waziri anakuja na msafara wake kuzungumza na wakuu wa idara. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kubana matumizi. Na msafara ulikuwa msafara kweli: wasaidizi, walinzi, wapiga picha, wabeba mikoba na wabeba mikoba ya wabeba mikoba. Wote walale nyumba ya wageni ya serikali, kule kilimani. Vitanda vipo, lakini magodoro yalishaliwa na panya, na fedha za kununua mengine zilikuwa zimekatwa. Mkubwa mmoja akakumbuka hospitali.

Aliyetumwa kuyachukua alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye ndiye mtunzaji wa nyumba ile. Tunamwita Bibi Shuka, kwa jinsi anavyopiga pasi mashuka mpaka yanakuwa kama karatasi. Alisimama mlangoni na wapagazi wawili, macho chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kumwona shemeji yako?"

"Nimekuja kikazi, dada."

Mzee akaelewa kabla yangu. "Shemeji," akasema, "si unibebe na mimi humohumo? Nitalala kimya, mheshimiwa hatajua."

Wapagazi wakacheka. Mdogo wangu hakucheka.

Nikamvuta pembeni. "Chukua yote, hili moja uliache. Unajua daktari alivyosema."

"Yamehesabiwa, dada."

"Sema moja limechanika."

"Tulikuwa watatu pale kilimani. Wenzangu wawili wamepunguzwa. Nimebaki mimi, na wajukuu wote wanakula kwangu. Nikikosea kidogo tu, na mimi nimekwenda." Akanishika mkono. "Ni siku tatu tu."

"Wewe na siku zako. Kamwambie huo mgongo."

Wakamwinua, wakalivuta godoro, wakamwekea la zamani kutoka stoo, limebonyea katikati kama sahani, waya za kitanda unazipapasa kwa vidole. Nikaenda nyumbani mbiombio, nikaleta mablanketi, vitenge vyangu, hata koti lake la harusi, nikavikunja nikavipanga chini yake. Havikutulia. Nikinyoosha huku, vinajikunja kule. Ngozi ya pale chini ya kiuno ikaanza kung'aa, kisha ikalainika, na asubuhi moja nilipoondoa kitambaa, kikaja na ngozi.

Yeye akanisoma usoni.

"Pamechanika?"

"Kidogo."

"Basi usilie. Wenzangu wamelala."

Daktari alikuja siku ileile aliyosema, kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akamfunua, akatazama kwa muda mrefu, akamfunika polepole. Akasema hawezi, tungoje mwezi ujao.

"Na mfupa utangoja?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Utaunga wenyewe, vibaya."

"Atatembea?"

Akakunja mpira wa kupimia mapigo, akautia mfukoni. "Atakaa kwenye kiti," akasema.

Daktari alikuwa ameshahamia vitanda vya upande wa pili, muuguzi nyuma yake, mdogo wangu alipoingia na godoro la bluu kichwani. Peke yake, kwa miguu, jasho linamtiririka. Hakungoja lori la kuyarudisha.

Mzee akamtazama anavyolitua. "Shemeji, nani alililalia?"

"Hakulala mtu."

"Kwa nini?"

"Walipofika wakaona maji ya kuoga yanatoka kidogokidogo, wakaenda hotelini mjini. Magari yote. Mimi nikaambiwa nisitandue, pengine watarudi." Akafuta jasho. "Nikawa napita chumba kwa chumba nayaangalia. Shuka ya hili bado ina mikunjo ya pasi."

Mzee akageuzia uso dirishani. Utani wote ulimwishia pale.

Mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitasema tena na mdogo wangu mpaka naingia kaburini. Kiapo kilikuwa bado cha moto, kimenijaa kinywani. Lakini muuguzi alikuwa na daktari, na mume wangu alikuwa juu ya zile waya, na kumwinua si kazi ya mtu mmoja.

"Shika mabegani," nikamwambia. "Taratibu. Usimburute."