Simu ya Saa Kumi na Mbili

Mwenye nyumba ile si mume wala mke, ni karatasi ya mgao wa umeme iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ikisema umeme utakatika saa nne asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, basi kuvuta maji kwa pampu, kupiga pasi, hata kugombana, vyote hupangwa kwa kuifuata. Redio huachwa imewashwa mchana kutwa, bubu, ili umeme ukirudi ipige kelele na kila mtu ajue.

Mke, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeitii karatasi kuliko wote. Betri ya simu yake, simu pekee mle ndani, ilikuwa imechoka, ukiitazama tu chaji inashuka, na ikiisha haiwaki mpaka ilale kwenye chaja usiku kucha. Kwa hiyo umeme ukikatika, na simu anaizima, anaiviringisha kitambaa na kuiweka kwenye droo ya cherehani. Ndugu na wateja walishazoea: ukimtaka fundi, subiri saa kumi na mbili.

Mdogo wake wa pekee alikuwa na wiki ya tatu amelazwa hospitali ya mbali. Kila jioni waliongea mpaka chaji iishe. Jana yake mgonjwa alicheka kidogo, akaagiza gauni la kutokea hospitali. "Lenye mifuko, dada. Nimechoka kushika vitu mkononi."

Fundi alilikata alfajiri na kulishona mbio mbio. Saa nne umeme ukaondoka, ikabaki mifuko. Aliposhika simu aizime, mumewe akamwambia, "Leo iache. Mgonjwa hana ratiba."

"Na ikijizima kabla ya jioni, nitaongea naye kwa mdomo wa nani?"

Simu ikaingia kwenye droo. Fundi akaketi mlangoni penye mwanga, akashona mifuko kwa mkono, moyo umetulia kwamba leo chaji ipo tele na wataongea mpaka wachoke.

Redio ilipofoka matangazo ya mbolea, alikimbilia droo. Alipoiwasha, haijakaa sawa ikaanza kumimina ujumbe: ametafutwa saa nane, saa nane na robo, saa tisa kasorobo. Kabla hajamaliza kusoma, ikaita. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

"Nilikutafuta, shemeji," alisema. "Alitaka kukusikia. Nikamwambia dada yako hapatikani mpaka umeme urudi. Akaniuliza saa ngapi sasa hivi, nikamwambia ndiyo kwanza inakaribia saa tisa. Akasema basi, atajikaza mpaka saa kumi na mbili."

"Mpe simu," fundi alisema. "Mpe basi, umeme umesharudi."

"Alijikaza mpaka saa kumi na moja, shemeji."

Fundi alikaa sakafuni, gauni mapajani. Mumewe alikaa kando yake, na yale aliyoyasema asubuhi hakuyarudia, wala hajayarudia hadi leo. Redio iliendelea kunadi mbolea mpaka alipoinuka kuizima.

Simu ilibaki mkononi mwa fundi, kioo kinawaka. Chaji ilikuwa imejaa, ileile aliyomtunzia mdogo wake tangu asubuhi, na sasa hakuwa na wa kuimaliza naye.