Sala ya Juu ya Makaa

Mke wa Polepole alimwaga kopo la mkaa kwenye pipa lililokatwa ubavuni, akasita, kisha akaongeza jingine.

"Shemeji," alisema mdogo wa mumewe, ameegemea ukuta, "unachoma nyama au unayeyusha reli?"

"Kucheka hakushibishi. Nipe koleo."

Mumewe walimwita Polepole kwa sababu nyama yake ilikaa motoni tangu asubuhi hadi alasiri, ikatoka ikiachia mfupa yenyewe. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa. Tangu hapo hakutamka neno, hata jina la mkewe. Leo mteja wa zamani alikuwa ameagiza mapaja ya mbuzi, na mke alikubali kabla ya kufikiri. Yakiharibika, shemeji angeuza pipa. Mnunuzi alikwisha kumpata.

Kiasi cha mkaa ndicho kilichomshinda. Yeye alikuwa mtu wa sufuria. Nje kulikuwa kwa mumewe. Alikumbuka tu jinsi mumewe alivyonyoosha mkono juu ya wavu, midomo ikicheza.

"Unauombea mkaa, baba?" alikuwa akimtania. "Mti wenyewe ulishakufa."

"Niache," angejibu, "nipime na Mungu wangu."

Makaa yalipovaa majivu, alisogeza kiti cha mumewe karibu na pipa.

"Yamezidi? Tikisa kichwa tu."

Hakutikisa. Aliinua mkono wa kushoto, akauweka juu ya wavu.

"Bwana," alisema.

Koleo lilimponyoka mkewe.

"Bwana, tunakushukuru kwa moto..." Akauvuta mkono.

Ilikuwa sala yao ya chakula, kwa sauti ileile yenye mkwaruzo. Shemeji alivua kofia. Mke alitamani kupiga magoti, lakini ule mkono ulibaki hewani ukimsubiri, naye akaelewa: sala haikufika mwisho kwa sababu moto ulizidi. Aliokota koleo, akatoa makaa mekundu, akayatia kwenye karai la majivu.

Mkono ukarudi. "Bwana, tunakushukuru kwa moto na kwa mikono, uwalishe..." Ukatoka.

Akapunguza tena. Safari hii maneno yalitembea bila haraka: "...uwalishe na wasio na cha kupika. Amina." Hapo ndipo mkono ulipoondoka.

Nyama iliingia, kifuniko kikashuka.

"Kaka," shemeji alinong'ona, "nami niite basi."

Polepole alifungua mdomo. Jina halikutoka. Akacheka kwa nusu ya uso.

Ulipofika wakati wa kuongeza mkaa, mkewe alinyoosha mkono kando ya wake. Walianza pamoja, wakafika Amina pamoja, viganja vikiwaka.

Alasiri mteja alishika mfupa, ukatoka mweupe mkononi mwake. Akatafuna, akachukua kipande kingine.

Shemeji alitoa simu. "Nampigia yule wa pipa."

"Umwambie nini?"

"Akatafute lake."