Mama Hana Mstari

Nani kafa? Mimi? Mimi ninayekula makande hapa mbele yako, Baba Mdogo, mimi ndo nimekufa? Nauliza hivyo kijiko kiko mkononi, na Baba Mdogo Elisante wala hanitazami, anatazama kompyuta yake aliyoikalisha katikati ya meza kama bwana harusi, anasema punguza sauti, sio mimi niliyekuua, ni hii programu ya kuchora ukoo, imekuunganisha na marehemu mzee kwa sababu mna jina moja. Senzighe babu, Senzighe mjukuu, yenyewe inaona ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Nasema sa si uitenganishe! Anasema ikishaunganisha haitengui. Na ujue haijajiunganisha hivihivi. Aliyejaza sehemu yangu ni Shangazi Nakiete, huyo hapo anamenya chungwa kama hayamhusu, na Shangazi tangu nizaliwe hajawahi kuniita Senzighe, ananiita Baba, si nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo ilipomuuliza huyu ni nani kwako, akaandika baba. Mashine ifanyeje? Ikanipa na watoto. Yaani kwa mujibu wa kompyuta, Baba Mdogo, mi ndo nimekuzaa, hebu nipe shikamoo yangu. Shangazi anaangua kicheko, Baba Mdogo anagonga meza, ana wazimu huyu mtoto? Nasema basi tutumie ile niliyowaonyesha, Matawi, inakaa kwenye simu, ya bure, inakubali mtu aitwe vyovyote anavyoitwa kwao. Anasema ile ya kitoto? Ndugu walioko Kanada wataifunguaje? Hii yangu, Shinamoja, imeshalipiwa, jioni hii naituma kwa ukoo mzima, mjadala umefungwa.

Mi hilo la kufa ningelicheka. Mtu akifa kwenye kompyuta haumwi popote. Tatizo ni Mama. Shinamoja inampa kila mtu mama mmoja tu, na Babu mama yake alikuwepo tayari, sasa ilipotugeuza mtu mmoja ikabaki na mama wa Babu, wa kwangu ikamtema. Navoneiwa, aliyefariki nikiwa kidato cha pili. Nasema mpitishe kwa baba yangu basi, alikuwa mke wake. Baba Mdogo anashusha pumzi, anasema polepole kama mtu anayemweleza mgeni njia, kijana wangu, hawakufunga ndoa, mahari haikutolewa, programu inataka ndoa, mama yako mstari wake wa kuingia humu ulikuwa wewe. Nasema na mimi mmeniua. Anasema ndo hivyo. Ndo hivyo! Nahisi masikio yanawaka. Na mi nina ugonjwa mmoja wa kijinga, hasira ikinizidi nalala, wenzangu hutupa ngumi mi napiga miayo, na Shangazi anaona macho yanavyoniishia, anasema mwone, Baba alikuwa hivyohivyo, akikasirika analala, na mi nataka kumwambia sio baba yako mimi, lakini mdomo hauji, na kiti kinaondoka chini yangu taratibu kama kinavutwa na mtu mwenye adabu.

Nasimama kwenye barabara. Barabara yenyewe ni mstari, mweusi, mwembamba, umechorwa juu ya weupe usio na mwisho, na kila nikipiga hatua unagawanyika mara mbili, na kila mmoja unagawanyika mara mbili tena, nikichagua wa kulia wa kushoto nao unanifuata. Mbele yangu kuna mtu. Sio mtu, ni kile kichwa cha kijivu na mabega, kile wanachokiweka kwa mtu asiye na picha, hakina macho wala mdomo lakini kinaongea. Kitendawili, kinasema. Nasema sina muda, namtafuta mama yangu. Kitendawili, kinasema. Nasema we kichwa, umesikia? Kinanyamaza, na kadiri kinavyonyamaza ndivyo barabara inavyorefuka nyuma yake, mpaka nauma meno nasema haya tega! Kinasema anaingia mmoja, wanapotea wawili. Nafikiria, nasema mlango. Sio. Nasema mchawi. Sio. Nipe mji, kinasema. Nasema chukua, chukua mji wowote, chukua hata Same na stendi yake, nipishe!

Na mji unatokea, papo hapo, kana kwamba ulikuwa umekunjwa. Nyumba zinatazamana kama zimewekewa kioo katikati, dirisha hili na lile, bati hili na lile, na kila mlango una jina langu. Nabisha wa kwanza, anafungua mzee kavaa shati langu la mahafali. Nani? Senzighe. Anasema haiwezekani, Senzighe yuko ndani anakula. Nabisha wa pili, anafungua kijana kavaa koti la Babu, anasema Senzighe katoka sasa hivi, kaenda kubisha nyumba ya kwanza. Narudi ya kwanza, naambiwa katoka kanifuata kule. Nabisha, narudi, nabisha, na kila anayefungua anakuwa na uso mchache zaidi ya aliyemtangulia, pua inayeyuka, nyusi zinaondoka, mpaka wananifungulia vichwa vya kijivu vitupu, na vyote vinaniita Baba. Naokota jiwe, natupa, dirisha linapasuka huku na lingine linapasuka kule. Pasukeni wote, nasema. Nakimbia.

Mji unakatika ghafla kama karatasi. Ng'ambo ya mwisho hakuna mstari hata mmoja, ni weupe tu, na watu wamekaa chini kwenye huo weupe, wengi, wamekaa kama watu wanaosubiri kuitwa na wameshazoea kutoitwa. Na hawa wana nyuso. Mama yuko pale. Kanyoosha miguu, kanga ya kahawia, anajikuna kiwiko kama alivyokuwa anajikuna. Nataka kushuka, kichwa cha kijivu kinanizuia kwa bega. Kinasema anayetaka kuingia atamke jina la mwanawe, mstari utamfuata. Nacheka, kweli, nacheka kwa furaha, nasema hiyo tu? Mama! Sema jina langu tutoke hapa!

Mama ananitazama. Anavuta ncha ya kanga anaziba mdomo.

Na hapo ndipo nakumbuka, na damu inanipanda upya. Mama hajawahi kulitamka. Jina la baba mkwe halitajwi na mke wa mwanawe, hata liwe kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, kwa hiyo maisha yangu yote mama yangu aliniita Mkwe. Mkwe amka, Mkwe umechelewa shule, Mkwe nitakuchapa. Majirani walikuwa wanakufa mbavu. Nasema Mama, mara moja tu, Babu hakusikii, yuko kaburini! Anasema Mkwe, umekula? Nasema achana na chakula, sema Senzighe! Anasema usinifokee, nani kakufundisha kufokea watu wazima? Nasema wamekutoa, Mama, unaelewa, wamekutoa kabisa! Anasema hayo wameyaanza leo? Mi hata msibani kwa mkwe nilikaa na majirani, sikukaa na wafiwa, lakini jina lake sikulitaja, na silitaji, na wewe ukinilazimisha ntajua nimezaa kenge. Namfokea tena. Namfokea mama yangu, kule, mbele ya watu wote wasio na mstari, mpaka sauti inanikauka, na yeye anatingisha kichwa tu, ana ile hali ya kutaka kucheka, anasema Mkwe wangu ana hasira huyu, na weupe unaanza kumpanda miguuni, magotini.

Baba kalala kabisa, mtingishe. Ni Shangazi. Niko kwenye kiti. Sahani iko tupu na mi sikumbuki kuimaliza. Baba Mdogo kaweka mkono mbele yangu, anasema lete simu yako, ile sauti ya mama yako iliyorekodiwa, unayotembea nayo humo, uliyonitumia inakwaruza, nataka ile yenyewe, nimeamua kuiweka. Nasema kuiweka wapi, si hana mahali? Anasema kwa mzee, kwenye ukurasa wa mzee, si anamwita mkwe? Msikilize, Mkwe umekula, Mkwe usiku mwema, ni kumbukumbu nzuri sana ya mzee.

Naifunika simu kwa kiganja. Halafu nasema Baba Mdogo, mkwe wa nani?

Anasema mkwe wake.

Nasema kivipi, na hakuolewa?

Shangazi anaacha chungwa. Baba Mdogo anafungua mdomo, na mwanga wa kompyuta unampiga usoni vibaya, kwa muda kidogo simwoni macho, namwona kichwa na mabega tu. Nasema aliyekuwa anaitwa hivyo ni mimi, sio Babu, ananiuliza mimi kama nimekula, kwa sababu jina langu alishindwa kulitaja kwa heshima yenu. Maisha yake yote. Alikuwa mkwe wenu kuliko wote mliowafungia ndoa, na nyie adabu yake mmeichukua, yeye mmemwacha. Baba Mdogo anasema kaa chini tuzungumze. Nasema tuma Shinamoja yako, nitume nimekufa, mi kwenye Matawi naanza na Mama, juu kabisa, halafu nitaangalia nani anastahili kufuata. Anasema simu iache! Shangazi anasema mwache, Elisante, mwache Baba. Nasema sio baba yako.

Nafika mlangoni, nashika komeo, na hapo sina uhakika, Mungu anajua, kama ninatoka nje au ndo naingia tena kwenye ule weupe, mwanga wa huko ni mweupe mno kwa saa hizi. Potelea mbali. Natoka, naubamiza mlango.